Hodi Kabla ya Kuingia

Desturi ya pwani humkataza mgeni kuingia kimya katika nyumba ya mtu. Husimama mlangoni akapiga hodi, na akiulizwa ni nani hutaja jina lake. Mwenyeji akimjua humkaribisha. Asipomjua huuliza zaidi. Na akimshuku humwacha nje. Mtoto hufundishwa jambo hili kabla hajajua kuhesabu. Mimi nilifundishwa vile vile, nikalishika katika nyumba za watu. Lakini katika kazi ya mikono yangu nililisahau, na kusahau kwangu kulimvunjia heshima mama mmoja mzee katika siku ya msiba wake. Nayaandika haya kwa kuwa wengi wa wasomaji wa kurasa hizi ni vijana watakaokabidhiwa kumbukumbu za watu, ama katika ofisi, ama katika maktaba, ama katika hospitali. Na kosa langu ni la aina inayoweza kumpata hata mtu mwangalifu.

Nilikuwa mkazi wa Kurasini, upande unaopakana na bandari, na karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Mtaani kwetu palikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Anayekijua chama cha namna hii hahitaji maelezo: kila mwezi mtu hutoa kidogo, na siku mauti yanapobisha, chama hununua sanda, hulipa gari, huleta turubai na kuhakikisha kuwa waombolezaji hawalali na njaa. Fedha ni ndogo lakini maana yake ni kubwa. Maskini aliye mwanachama hufa bila kuogopa kuwa mzigo kwa jirani, na mjane wake huinua uso mbele ya watu.

Mwezi wa Januari 1999 ada iliwekwa kuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mimi nikapewa kazi ya kuandika hesabu. Wakati ule nilikuwa nimejifunza jioni lugha ya kompyuta iitwayo Pascal, na nilikuwa na kiburi cha mwanafunzi aliyefuzu juzi. Daftari la karatasi niliona ni jambo la wazee. Nikaandika programu yangu mwenyewe, na programu ile ikatunza majina na michango katika faili moja juu ya disketi.

Faili la namna hii huitwa faili la binari, nalo si maandishi ambayo mtu aweza kuyasoma kwa macho. Ni mfululizo wa baiti, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255, basi. Baiti moja yaweza kuwa herufi ya jina, yaweza kuwa sehemu ya fedha, yaweza kuwa mwezi wa mwaka. Maana yake haimo ndani yake. Imo katika mapatano baina ya aliyeiandika na atakayeisoma. Mapatano yakisahauliwa, baiti hubaki pale pale, nzima kabisa, lakini zimekuwa bubu. Na mara nyingine huwa baya kuliko bubu, kwani husema uongo kwa sauti ya kweli.

Mapatano yangu ya mwaka 1999 yalikuwa haya. Kila mwanachama alikuwa na rekodi ya baiti 32: baiti 2 za namba yake, 24 za jina, 2 za jumla ya michango, 2 nilizoziacha tupu kuwa akiba, na 2 za mwezi wa malipo ya mwisho. Sasa, baiti 2 haziwezi kubeba namba inayozidi 65,535. Niliona mapema kwamba mtu akitoa 1,000 kila mwezi atapita kiasi hicho kabla ya miaka sita. Badala ya kuipa fedha nafasi kubwa zaidi, nikafanya werevu: nikaandika michango kwa mamia. Shilingi 1,000 ikaandikwa 10. Shilingi 96,000 ikaandikwa 960. Programu ilipoonyesha hesabu kwenye kioo, ilizidisha kwa mia. Ubahili ule haukuwa na sababu. Disketi moja ingeweza kubeba rekodi zaidi ya 40,000 za ukubwa ule, na chama chetu hakikufikia watu 300. Niliweka akiba ya kitu nilichokuwa nacho kwa wingi, nikatumia ovyo kitu nilichokuwa nacho kidogo, yaani uwazi.

Kosa jingine lilikuwa kubwa kuliko hilo. Sikuandika mahali popote katika faili kwamba fedha hizi ni mamia. Jambo hilo lilikuwa katika programu na katika kichwa changu. Faili lenyewe lilianza moja kwa moja na mwanachama wa kwanza, kama mgeni aliyeingia sebuleni na kuketi pasipo hodi.

Mwaka 2007 nyumba za sehemu moja ya Kurasini zilianza kuondolewa ili bandari ipanuliwe. Jirani zetu wengi walitawanyika. Wengine walikwenda Chamazi, wengine Mbagala, wengine ng'ambo ya Kigamboni. Chama kilikaa kikao, kikaamua kwa haki: mtu aliyekwisha kutimiza michango ya shilingi 60,000, hata akihama na kuacha kutoa, haki yake ya kuzikwa na kuzikiwa haifutiki. Nikazitoa rekodi za waliohama, watu 31, nikaziweka katika faili lao peke yake, na disketi nikaifungia katika mtoto wa meza.

Mwaka 2009 nililitengeneza upya faili la chama. Fedha zetu zilikuwa benki na zilileta faida, na mgao wa faida ulitoa hesabu zisizokwenda kwa mamia. Basi nikazichukua zile baiti 2 za akiba nikaziunga na baiti 2 za fedha, zikawa baiti 4 ziwezazo kubeba mabilioni, na kuanzia hapo michango ikaandikwa kwa shilingi kamili. Usiku mmoja nikaligeuza faili kubwa, kila rekodi nikaizidisha kwa mia, nikahakiki, nikalala kwa furaha. Disketi ya mtoto wa meza sikuikumbuka.

Mwaka 2013 chama kiliamua kuwarudisha waliohama katika orodha moja. Nikaitia disketi katika mashine, programu mpya ikalisoma faili la kale, na haikulalamika hata kidogo. Ingelalamikia nini? Kila rekodi ilikuwa na baiti 32 kama ilivyotazamiwa. Namba zilikuwa sawa, majina yalikuwa sawa, miezi ilikuwa sawa. Baiti za akiba zilikuwa sifuri. Kompyuta zile huweka baiti ndogo mbele na kubwa nyuma, kwa hiyo sifuri zile zilihesabiwa kuwa nusu ya juu ya namba, na 960 ikabaki 960. Isipokuwa sasa 960 haikuwa mamia tena. Zilikuwa shilingi.

Mwaka uliofuata, mume wa mama mmoja aliyehamia Chamazi alifariki. Mtaani tulimwita Bi Mkubwa, kwa umri wake na kwa heshima yake. Alimtuma kijana kwa mwenyekiti, kisha akaja mwenyewe, amejifunga kanga, hajalia bado kwa kuwa shughuli ilikuwa haijamruhusu. Mwenyekiti akaniita nisome karatasi. Nikasoma: michango, shilingi 960.

"Shilingi mia tisa na sitini?" akasema. "Mwanangu, miaka minane nimeleta elfu kila mwezi, na wewe ndiye uliyekuwa ukipokea."

Stakabadhi zake zilikuwa zimepotea katika pilikapilika za kuhama. Wajumbe walinitazama mimi. Nilikumbuka mkono wake ukinipa noti. Nilikumbuka hata mlango wa nyumba yake ambayo haipo tena. Hata hivyo nilisema neno ambalo nikilikumbuka mpaka leo nahisi haya usoni. Nilisema, "Bibi, mashine haisahau."

Hakujibu. Aliaga kwa adabu akaondoka. Majirani wa Chamazi walipitisha kofia, wakapata sanda na gari, maiti akazikwa alasiri ile. Hakuna aliyekosa kuzikwa kwa ajili yangu. Lakini mwanamke aliyejiwekea heshima yake miaka minane alizikiwa mumewe kwa fedha za kuombwa.

Siku ya tatu ya msiba sikupata usingizi, nikaiwasha kompyuta nikaitazama orodha ya wale 31. Kila mmoja wao alikuwa na michango isiyofika shilingi 1,000. Hapo ndipo nilipopigwa na ukweli, tena ukweli ambao mtoto angeuona: ada ya mwezi mmoja ilikuwa shilingi 1,000. Haikuwezekana mtu yeyote awe mwanachama na michango yake iwe chini ya hapo. Faili lilikuwa likipiga kelele kwamba limesomwa vibaya, na mimi sikuwa nimeweka sikio la kusikia. Nikatwaa kalamu: 960 mara mia ni 96,000, na miezi kutoka Januari 1999 mpaka Desemba 2006 ni 96. Bi Mkubwa hakukosa kutoa hata mwezi mmoja.

Nilikiri mbele ya kikao. Hesabu za watu wote 31 zilisahihishwa, na chama kilimpelekea Bi Mkubwa haki yake, ingawa ilifika baada ya arobaini. Nilikwenda nayo mwenyewe. Alizipokea fedha, akanipa maji ya kunywa, akasema, "Fedha nimeziona. Lakini siku ile nilitaka mtu mmoja tu aseme kuwa ananikumbuka."

Tangu siku hiyo nimeyafikiri sana mambo haya, na ningependa kuyaeleza niliyoyapata.

Kwanza, si kila kutopatana kuna hatari sawa. Dar es Salaam tuna mfano wa wazi. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianzia mjini humu mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina milimita 1,435. Tofauti ya mbili za kwanza ni milimita 67, upana wa vidole vichache tu. Lakini behewa la moja haliwezi kwenda juu ya nyingine, na pale Kidatu mizigo ilibidi ihamishwe kutoka behewa hili kwenda lile. Hasara hiyo ni kubwa, lakini ni hasara yenye adabu, kwa kuwa haimdanganyi mtu. Chuma hukataa mara moja na mbele ya macho.

Mfano wa pili ni wa saa. Mswahili akisema saa mbili asubuhi, huhesabu tangu jua lilipochomoza; mgeni wa Ulaya akisikia neno hilo akilitafsiri kwa saa yake, huelewa usiku wa manane. Namba ni ile ile, neno ni lile lile, na kila mmoja ana hakika. Hapana kitu kinachokwama. Wataonana, au hawataonana, na kila mtu atamlaumu mwenzake kwa kuvunja ahadi. Kosa langu lilikuwa la saa, halikuwa la reli. Laiti rekodi mpya ingekuwa na baiti 34 badala ya 32, majina yangevurugika kwenye kioo toka mtu wa pili, nami ningelishtuka siku ile ile. Kufanana kwa umbo ndiko kulikoniponza.

Pili, dawa imejulikana siku nyingi, nayo ni ile hodi. Mafaili ya picha yaitwayo GIF huanza kwa baiti sita ambazo ni herufi na tarakimu: ama GIF87a, ama GIF89a, yaani toleo la mwaka 1987 na toleo la mwaka 1989. Programu husoma hizo kwanza, ikajua iliyemkaribisha. Waliotengeneza mfumo wa picha wa PNG, uliotolewa mwaka 1996, walipiga hodi kwa uangalifu zaidi. Faili lao huanza kwa baiti nane. Ya kwanza ni 137, namba iliyo nje ya herufi za kawaida, ili kama njia ya usafirishaji inaharibu baiti kubwa jambo hilo lijulikane papo hapo. Kisha herufi P, N na G. Kisha alama za mwisho wa mstari, ambazo programu zenye kiherehere hupenda kuzibadili, ili zikibadilishwa mharibifu aumbuke kabla picha haijaguswa.

Lakini walifanya na jambo jingine ambalo naliona ni la hekima kubwa. Ndani ya PNG habari zimegawanywa katika vipande, na kila kipande kina jina la herufi nne. Herufi ya kwanza ikiwa kubwa, kipande kile ni cha lazima: programu isiyokijua haina ruhusa ya kujifanya inaielewa picha. Ikiwa ndogo, kipande ni cha ziada: programu ya kale iwezaye kuisoma picha yenyewe na ikirukie kipande hicho kwa usalama. Kwa hiyo wa kale huweza kukaa na wa baadaye asiyemjua, kwa sababu yule wa baadaye amesema mapema katika maneno yake lipi ni la kushikwa na lipi ni la kuachwa.

Na sisi watu wa Kiswahili tumefaidika na upatanifu wa namna hii bila kuuona. Lugha yetu kwa herufi za Kilatini haina alama juu ya herufi, kwa hiyo maandishi yetu ya kompyuta ya zamani yaliandikwa kwa orodha ya herufi iliyowekwa Marekani mwaka 1963. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walipobuni utaratibu wa UTF-8 ili kompyuta ziandike lugha zote za dunia, waliziacha baiti za orodha ile ya kale kama zilivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba insha ya Kiswahili iliyoandikwa hivyo zamani husomeka leo bila kugeuzwa. Tunasumbuliwa na kijialama kimoja tu: ng'ombe akiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, kisha akasomwa na programu isiyojua faili ni la namna gani, hutokea na takataka tatu katikati ya jina lake. Ng'ombe huyo naye ameingia bila hodi.

Mpwa wangu, aliyesoma kompyuta chuo kikuu, alipoisikia habari hii alinipinga kwa heshima. "Mjomba," alisema, "ukiahidi kuelewa kila toleo la zamani, programu yako itakuwa nyumba iliyojaa vyombo vibovu. Kila kanuni ya kale ni mahali pengine pa kosa kujificha. Bora kuyageuza yote mara moja, kisha ya kale kuyazika."

Maneno yake hayakuwa ya kipuuzi. Nimeona programu zilizolemewa na ukale mpaka hakuna athubutuye kuzigusa. Lakini nilimjibu kwamba mimi ndiye niliyegeuza yote mara moja, na katika yote hayo disketi moja ilikuwa katika mtoto wa meza. Daima ipo disketi katika mtoto wa meza. Anayetunza kumbukumbu za watu hana mamlaka ya kusema kwamba ya kale yamekwisha, maana watu waliomo katika ya kale bado wako hai. Tukaafikiana mwisho kwa njia ya kati: matoleo yawe mengi mlangoni, lakini ndani liwe moja. Kila faili linapoingia lisomwe kwa kanuni ya toleo lake, ligeuzwe pale pale kuwa umbo la leo, na sehemu nyingine zote za programu zisijue kabisa kwamba zamani ilikuwako.

Ndivyo nilivyolitengeneza faili la chama. Sasa huanza kwa baiti nane: herufi tano za jina la chama, namba ya toleo, na baiti mbili za ukubwa wa rekodi. Toleo likiwa ni la sasa, hupokewa. Likiwa la kale linalojulikana, hugeuzwa. Likiwa ni namba isiyojulikana, yaani limeandikwa na programu mpya kuliko hii, hukataliwa kwa maneno ya wazi, na wala halisomwi kwa kubahatisha. Faili lisilo na hodi kabisa huhesabiwa kuwa la mwaka 1999 au la mwaka 2009, na programu haiamui peke yake; humwita mtu, ikamwonyesha majina matatu na fedha zao, ikamwuliza kama zinaaminika. Nami nimeongeza lile sikio nililolikosa: mchango wowote usiofika ada ya mwezi mmoja husimamisha kazi.

Bi Mkubwa alifariki mwaka 2019. Mwanawe alipiga simu asubuhi mapema. Siku ile, kabla sijafungua mashine, nilimwambia kwamba namkumbuka mama yake, kwamba alitoa miezi 96 bila kukosa, na kwamba gari litafika Chamazi kabla ya adhuhuri. Kisha ndipo nilipoifungua, nikaitafuta rekodi yake. Ilisema shilingi 96,000.